Sanduku la Umeme la Bi Khawla

Darsait, Maskati
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mdogo wangu mpenzi Nasriya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Sami na wote mlio hapo Tanga. Vipi goti? Na yule daktari aliyekukataza chumvi, bado unamtii au ushamchoka? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Presha yangu imekaa pale pale, kama mgeni aliyeambiwa ajione yuko kwao. Joto limeanza kupungua, na watu wanatembea tena ufukweni Matrah baada ya Alasiri, wale wenye magoti.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono. Anakuletea Balqis, binti wa jirani yangu, anayekuja huko kwenye harusi, pamoja na halwa kilo mbili ambayo nakuomba umfiche shemeji kwa ajili ya sukari yake. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa, na tungeishia kuzungumza habari za watu. Binti yako Noof anafika tarehe ishirini kuanza kazi yake ya uuguzi, na chumba chake hapa kwangu kiko tayari tangu mwezi uliopita. Kuna jambo linalohusu lile sanduku la Bibi ambalo lazima ulijue kabla mtoto hajalaza kichwa nyumbani kwangu. Ukishalijua, wewe ndiye utakayeamua alale wapi. Lakini niache nianzie mwanzo. Nimefanya kazi maabara maisha yangu yote, na maabara mtu harukii jibu.

Tangu nistaafu pale skuli nilikuwa nakaa na televisheni tu. Mwezi wa tano akanijia Bader, mwenye duka la vitambaa Matrah, ambaye mama yake ni mtu wa Unguja. Ameikarabati nyumba ya babu yake nyuma ya soko na kuifanya makumbusho madogo ya vitu vya karne ya kumi na tisa, vile vilivyovumbuliwa huko kwa Wazungu vikaingia majumbani mwetu kupitia Bombay na Unguja. Alitaka mtu wa kuvifungua, kuvisafisha, kujua vinafanyaje kazi, na kuandika maelezo yake kwa Kiswahili na Kiarabu. Nilimwambia mimi si mwanahistoria. Akanijibu kwamba wanahistoria anao watatu, na hakuna hata mmoja anayejua kushika bisibisi.

Basi miezi hii nimeshinda na saa za ukutani, cherehani za mkono, taa za mafuta, masanduku ya muziki, na kile kioo cha matundu mawili ambacho ukiweka macho, picha mbili zinakuwa moja na mlima unakujia usoni. Nimejifunza mambo. Kabla ya saa ya ukutani hapakuwa na mgeni aliyechelewa. Mtu alifika alipofika. Ilipotundikwa saa, ndipo watu wakaanza kuchelewa. Cherehani nayo iliichukua kanzu iliyokula siku nzima ya sindano ikaifanya shughuli ya asubuhi moja. Bader ameongeza kwenye maelezo kwamba kwa hivyo wanawake walipata nafasi ya kupumzika. Mimi nimemwambia afute, kwa sababu walichopata ni kanzu nyingine za kushona. Hakufuta.

Tunabishana hivyo kila siku, na mimi nafurahi, maana nyumbani tangu afe mume wangu Marhoon hakuna wa kunibishia. Bader anaamini vitu hivi viliondoa ujinga. Mimi naona viliingia nyumbani na ujinga ukavipisha mahali pa kukaa. Watu wa zama zile hawakutenganisha elimu na mchezo. Mtu aliyeonyesha maajabu ya umeme uwanjani jioni ndiye huyo huyo aliyeuza umeme asubuhi kama dawa ya jino. Na sisi tulinunua vyote viwili.

Hapo ndipo nilipolitoa sanduku la Bibi stoo. Lilikuwa limekaa huko tangu mama afariki, juu ya matangi ya maji, limefunikwa na shiti. Ukubwa wake unaujua, si zaidi ya kasha la vikombe sita vya chai. Ndani mna sumaku iliyopinda, vigurudumu viwili vilivyozungushiwa waya wa shaba, mkono wa kuzungushia, na nyaya mbili zinazoishia kwenye vile vishikio vya shaba. Ukizungusha mkono, waya unapita mbele ya sumaku na umeme unazaliwa. Aliyeshika vishikio anaupata mwilini. Chini ya kifuniko kuna karatasi iliyobanduka nusu, inayosema kwamba mashine hii inaponya meno, baridi yabisi, kupooza, wasiwasi, na huzuni za wanawake. Haikuponya hata kimoja. Ila goti likishtuliwa husahau kuuma kwa robo saa, na robo saa si haba.

Babu yetu mkubwa, kama tulivyosimuliwa, alilichukua kwa mgeni aliyekuwa akiwafurahisha watu nalo Unguja, na Bibi yetu, Bi Khawla, akalirithi, akaja nalo huku. Unakumbuka Sikukuu? Tukishakula, Bibi alikuwa akitupanga duara sebuleni, wanawake na watoto, tumeshikana mikono, wa mwanzo kashika kishikio kimoja na wa mwisho cha pili. Bibi akizungusha, mtetemo unatupitia sote kwa mara moja. Rawya wa marehemu ami yetu alikuwa akipiga kelele kabla mkono haujagusa. Mama alicheka mpaka ushungi unamdondoka. Ni katika mambo machache ya utotoni ambayo nikiyakumbuka sitafuti kasoro.

Sijui hasa lini Bibi alilipandisha cheo sanduku lake. Mama aliniambia ilianza Unguja, ilipopotea pete. Bibi akawashikisha watumishi vishikio, mmoja mmoja, waape. Mmoja akaruka, na pete ikaonekana chini ya mto wake wa kulalia. Mara hiyo moja ilitosha. Toka siku ile sanduku likawa linamjua mwongo: mkweli humtekenya tu, na mwongo humrusha. Wenyewe waliolitengeneza waliliuza kama dawa na kama mchezo. Kulifanya kadhi tuliongeza sisi, na sijaona mahali pengine popote walipofikiria jambo hilo. Bader ameipenda sana habari hiyo. Alitaka niiandike yote kwenye maelezo, na mimi nikamwambia asubiri.

Wiki iliyopita akatia picha ya sanduku mtandaoni. Siku ile ile Noof akaniandikia kuuliza kama hilo ndilo lililomkamata mama yake, akaweka na kisura cha kucheka. Anasema siku ya ufunguzi wa makumbusho atavishika vishikio aone kama ni mkweli kuliko wewe. Sikumjibu. Sikujua kwamba umewasimulia watoto, tena kama kichekesho.

Kisha nikakumbuka lile ulilonambia Tanga nilipokuja kwenye harusi ya mwanao mkubwa. Tulikuwa jikoni tunamenya machungwa. Ulinambia kwamba miaka ya mwanzo ulimlaani Rawya, kwa sababu uliamini ile barua ya kijana aliyoikuta Bibi ilikuwa yake na wewe ndiye uliyelipa, na ndiyo maana humjibu salamu zake mpaka leo. Lakini ulisema pia kwamba, ukijihoji, sanduku halikukosea kabisa. Ulikuwa umemtazama kijana mmoja wa basi la skuli kupitia dirishani, mara mbili tatu, na moyo wako ulifurahi. Ukasema labda mashine iliona hilo. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nikakuuliza kama machungwa ni ya Muheza.

Sasa nikukumbushe siku yenyewe, maana kila mmoja wetu ana kipande chake. Mwaka 1982, mimi nna miaka kumi na minane, Rawya kumi na saba, wewe kumi na sita, na sote watatu tunalala chumba kimoja hapa hapa Darsait. Bibi aliikuta barua kwenye rafu tulipoweka vitabu vyetu vya skuli. Ilitoka kwa Loay, karani wa studio ya picha Ruwi, na haikuwa na jina la aliyeandikiwa. Ilikuwa na maneno ya kawaida ya vijana, lakini nyumba yetu ilikuwa nyumba yetu. Bibi hakupiga kelele. Alisema baada ya Alasiri kila mmoja ataapa, na sanduku litasema.

Mimi niliapa wa kwanza. Nilishika vishikio, nikasema wallahi barua si yangu, Bibi akazungusha, na nikasikia kama sisimizi viganjani. Ukaja wewe. Ulisema maneno yale yale, na mkono ulipozunguka ulipiga yowe ukaanguka ubavu, vishikio vikakwama vidoleni mwako kwa sababu misuli ilijifunga. Bibi akafunga kifuniko. Rawya hakufika zamu yake. Hukumu yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Baada ya wiki mbili ukatolewa skuli, wewe uliyekuwa wa kwanza darasani kwa fizikia, na mwezi wa tatu baada ya hapo ukawa mke wa mtu Tanga. Sami ni mtu mwema, na hilo halinipunguzii kitu.

Barua ilikuwa yangu, Nasriya.

Hilo si lote, na ningekuwa nimesimama hapo ningekuwa bado nakudanganya. Wiki tatu kabla ya siku ile, mwalimu wa fizikia alilifundisha darasa langu kwamba ngozi kavu inauzuia umeme na ngozi yenye maji inaupitisha. Nilikuja nyumbani mchana, watu wamelala, nikalifungua sanduku nikajijaribia mwenyewe, vishikio viganjani na mkono wa mashine nausukuma kwa goti. Kwa mikono iliyopakwa poda sikusikia kitu. Kwa mikono mibichi nilijing'ata ulimi. Nilifurahi sana, ulikuwa uvumbuzi wangu wa kwanza. Nilitaka kukwambia wewe, kwa sababu ni wewe tu ungeelewa, na nikaahirisha.

Siku ya kiapo nilipaka poda chumbani. Kisha nikakukuta ukumbini, ukanambia unaogopa ingawa hujafanya kitu. Nikakwambia, "Nenda katawadhe kwanza. Utaapaje kwa jina la Mwenyezi Mungu huna udhu?" Ukanishukuru. Ulirudi mikono ya nguo imekunjwa, maji yanakudondoka viwikoni, na nikakuona unapita mbele yangu kwenda kukaa. Nilijua. Sikusema nimesahau, sikusema nilichanganyikiwa. Nilijua kama ninavyojua sasa jina langu. Nilitaka imwangukie mtu mwingine, na wewe ulikuwa karibu.

Kwa hivyo nisikilize, na hili nalisema kama mtu aliyelifungua sanduku na kupima kila waya wake. Halikumwona kijana wa basi. Halikuona moyo wako wala ulimi wako. Lilikuta maji. Ungekuwa umekaa bila udhu ungetoka salama, na lilikurusha kwa sababu ulikwenda kwa heshima. Miaka arubaini na mitatu umejihukumu kwa kumtazama mtu dirishani, na hukuwa na kosa, hata dogo. Nimeona haya kwa maisha yangu yote, na siku zingine haya yenyewe niliyaona kama kazi ya kutosha, kwamba nikiona haya vya kutosha sina haja ya kusema.

Utauliza Loay alikuwa nani hata akakugharimu hivyo. Alikuwa na mwandiko mzuri. Kabla ya mwaka kwisha alirudi kwao, na sura yake sasa siikumbuki. Mimi nikamaliza skuli, nikapewa kazi ya kuitunza maabara. Kwa miaka thelathini na moja nimewaandalia wasichana wa watu jaribio la kuonyesha kwamba maji yenye chumvi hupitisha umeme. Muhula wa pili, somo la nne, kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini siku hiyo mwalimu aliwasha umeme yeye mwenyewe na mimi nikakaa nyuma.

Jumatatu nilimwandikia Bader maelezo ya sanduku. Yanasema lilitengenezwa kutibu na kuchezea, na kwamba katika nyumba moja ya Darsait lilitumika pia kuhukumu, na lilimtia hatiani msichana aliyetoka kutawadha, likamwachia aliyesema uongo. Bader alisema wageni hawataamini, akaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia mwongo alikuwa mimi. Akachukua karatasi, na jioni nikaambiwa imekwenda kuchapwa. Lakini vishikio nimevifungua na kuvitia ndani ya kabati la kioo. Siku ya ufunguzi hakuna atakayevishika.

Alhamisi nikaenda Yiti kwa Rawya. Nilianza kwake kwa sababu nilidhani ni rahisi, nakiri. Nilimkuta anapiga pasi sare za wajukuu, akaendelea kupiga mpaka nikamaliza. Aliniambia kwamba alijua siku zote kuwa wewe unamdhania yeye, maana Sikukuu zote hizi anakutumia salamu na hazirudi. Hakujitetea kwa sababu hakuulizwa. Akanambia na yeye alikuwa akijiuliza kama angeruka, zamu yake ingefika. "Nna hakika ningeruka," alisema. "Mikono yangu jasho tangu utotoni, we si unajua." Hakunitolea kahawa. Unajua nyumba ya Rawya, fundi wa bomba hatoki pale bila kahawa na tende. Nilipokuwa mlangoni akaniita, nikafikiri ananirudisha. Akasema nikufikishie kwamba nambari yake ya simu haijabadilika, na kwamba binti yako ana kitanda Yiti kama kwangu hapamfai.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Msamaha ukiombwa kwa karatasi humfanya mwenye kuombwa aonekane ana deni la kujibu, na wewe huna. Nakupenda, na nilikupenda hata siku ile, na hilo ndilo lisilonifaa kitu. Kama utaona siku moja inafaa nije Tanga niyaseme haya mbele ya Sami na watoto, niambie siku. Kama utaona nisije tena, sitakuja.

Kuhusu Noof, sina haki ya kudai aje kwangu. Nimemnunulia pazia la kijani, kwa sababu aliwahi kunambia anapenda kijani, na nilikuwa nahesabu siku, mimi ambaye Mungu hakunipa mtoto. Lakini ni binti wa msichana niliyemtuma akatawadhe. Ukisema aje, nitashukuru. Ukisema aende kwa Rawya, nitampeleka. Na ikifika tarehe ishirini sijasikia neno kwako, nitakuchukulia umeshasema. Nitampokea uwanja wa ndege, nitatia mizigo yake kwenye gari langu, na tutashika njia ya Yiti. Ni mwendo wa kutosha. Nitamwambia yote mwenyewe kabla hatujafika, na akitaka kushuka njiani nitasimamisha gari.

Nisalimie shemeji Sami, na wanao mmoja mmoja kwa jina lake, na jirani yako Mama Maan aliyenifundisha kupika boko boko la kuku. Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na utulivu wa moyo, akulipe kheri kwa yale ambayo mimi siwezi kuyalipa. Jihadhari na chumvi.

Dada yako,
Lamya